Shajara ya mradi: laptopu zinazokata mtandao zikiachwa zitulie

Jumatatu, mchana

Nimepokea kazi Ng'ong'ona, kwenye steshenari ya mama mmoja jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma. Ana laptopu za mtumba, zote toleo moja, prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha 6, mfumo wa Ubuntu. Wanafunzi wanazikodi kwa saa. Mmoja anachapa ripoti ya mafunzo kwa vitendo, mwingine anajaza fomu ya mkopo wa HESLB, mwingine kamaliza chuo na anaomba kazi Ajira Portal. Kilio chao ni kimoja: mtu anajaza fomu vizuri, anasimama kidogo kutafuta namba ya cheti cha kuzaliwa kwenye simu yake, akirudi kubonyeza kitufe cha kutuma, ukurasa unazunguka mpaka unamwambia hakuna mtandao. Baada ya muda mfupi mtandao unarudi wenyewe. Fomu hairudi.

Nimemwamkia mama, akaniitikia, na hakuzunguka: "Fundi, niambie ukweli. Nibadilishe kampuni ya intaneti au nibadilishe mashine? Maana kila anayekuja hapa ananiuzia kitu."

Swali hilo nimeliandika juu kabisa ya daftari, kwa sababu linastahili kujibiwa kwa ushahidi. Fedha ya mashine mpya ni ada ya watoto wake. Nimemwomba asilipe popote hata shilingi mpaka logi, yaani kumbukumbu zinazoandikwa na mashine zenyewe, ziseme.

Kabla sijaondoka akanipa neno ambalo naliona lina uzito kuliko yote niliyosikia leo: laptopu ya kwenye kona haikati. Anaikalia kijana anayesikiliza nyimbo mtandaoni tangu anafika hadi anaondoka. Jirani yake ana mashine ya namna hiyohiyo, imechomekwa swichi hiyohiyo ya mtandao, na anakatiwa kila akitulia kusoma. Mtandao ulioelemewa hukata watu wakiwa wengi na kazi ikiwa nyingi. Huu unakata pasipo na kazi. Naanzia hapo.

Jumatatu, jioni

Sijagusa mpangilio wowote. Ninachotaka kujua kwanza ni mkato unatokea upande upi wa ruta. Kwenye laptopu mbili nimeanzisha pingi mbilimbili, yaani ujumbe mfupi unaouliza "upo?" na kusubiri jibu, moja inaelekea ruta ya dukani, nyingine inaelekea seva ya nje, kila moja inaandika faili lenye saa:

ping -D -i 10 192.168.1.1

Hiyo 10 ni sekunde kati ya pingi na pingi. Nimeiweka kubwa makusudi. Kama tatizo linakuja mashine ikitulia, pingi ya mfululizo itaifanya isitulie na itanificha ugonjwa ninaoutafuta.

Jibu limekuja kabla ya magharibi. Kila mkato, ruta yenyewe haijibu. Wakati huohuo simu yangu, iliyounganishwa Wi-Fi ya ruta hiyo, inafungua kurasa bila shida. Kwa hiyo kampuni ya intaneti haihusiki, na tovuti za maombi hazihusiki. Mawasiliano yanafia kati ya laptopu na ruta, ndani ya chumba kimoja.

Nimebadilisha kebo, nikahamisha matundu ya swichi. Mkato unaifuata laptopu popote inapokwenda. Kompyuta ya mezani ya zamani, anayoitumia mama kwa hesabu za duka, haikatiki kwenye tundu lolote. Nimempigia simu mama usiku huu: asibadilishe kampuni.

Jumanne

Leo nimesoma logi ya kerneli (moyo wa mfumo wa Ubuntu), kwa amri ya journalctl -k, nikiilinganisha na saa za mikato. Kwenye saa zile kuna mstari unaojirudia:

NETDEV WATCHDOG ... transmit queue 0 timed out

Maana yake ni hii. Draiva, programu inayoiendesha kadi ya mtandao, imeikabidhi kadi pakiti (vipande vya data) za kutuma, na kadi haijathibitisha kuzituma. Kerneli husubiri sekunde chache, ikiona kimya inaitangaza foleni kuwa imekwama na draiva inaiwasha kadi upya. Ndiyo maana mtandao unarudi wenyewe: kuna anayeufufua. Wengi wangesoma mstari huu na kusema kadi imekufa, kanunue nyingine. Mstari unasema kadi haikujibu kwa wakati. Haujasema kwa nini.

Nimechomoa kebo nikahamia Wi-Fi, nikaacha laptopu wazi kwenye fomu tupu bila kuigusa. Nayo ikakata. Ujumbe wa kwenye logi ni mwingine kabisa, wa programu ya ndani ya kadi ya Wi-Fi kuanzishwa upya, lakini wakati ni uleule: mashine imetulia, hakuna anayechapa, skrini bado inawaka.

Hapa nimekaa muda mrefu kwa sababu naona ndipo penye ufunguo. Kadi hizi mbili hazina undugu. Zimetoka viwanda tofauti, zina draiva tofauti, moja inatumia waya na nyingine hewa. Zikiugua kwa pamoja na kwa wakati mmoja, sina sababu ya kuzishuku zenyewe. Nitafute kile zinachokitumia wote: njia ya PCI Express inayoziunganisha na mashine, memori, na prosesa yenyewe.

Jumanne, usiku

Nimepitia viokoa-umeme vya kawaida kimoja kimoja, na kila nikimaliza kimoja nakirudisha kilivyokuwa.

Uokoaji umeme wa Wi-Fi: iw dev wlp2s0 set power_save off. Pingi zimekuwa za haraka na zenye mwendo sawa, jambo zuri kwa wanaotumia Wi-Fi, na nitaliacha hivyo mwishoni. Mikato ipo palepale.

Uokoaji umeme wa kebo, ule wa kiwango cha IEEE 802.3az cha mwaka 2010, ambao hulaza waya kukiwa hakuna kinachopita: ethtool --set-eee enp1s0 eee off. Hakuna mabadiliko.

Usingizi wa njia ya PCI Express, ASPM: kerneli imekataa kuugusa. Kwenye logi ya kuwaka kuna mstari unaosema BIOS (programu ya msingi inayowasha mashine) imetangaza kuwa haitaki mfumo uendeshe ASPM. Kwa hiyo chochote BIOS ilichokipanga kimebaki, na kerneli haitakibadilisha isipolazimishwa. Napita.

Imebaki prosesa.

Jumatano

Ninaandika maelezo haya kwa urefu kwa sababu kijana anayemsaidia mama dukani ameomba kufundishwa, na ana kichwa chepesi cha kuelewa. Nataka akisoma shajara hii asibaki na amri tu bila sababu.

Prosesa isiyo na kazi haikai macho. Kanuni za ACPI, za kusimamia umeme wa kompyuta, zilizotolewa na Intel, Microsoft na Toshiba mwaka 1996, zilipanga ngazi za kupumzika kwa herufi C. C0 ni kazini. C1 ni kusimama tu, na kurudi ni papo hapo. Kadiri namba inavyopanda ndivyo sehemu nyingi zaidi zinavyozimwa: saa za ndani, kashe, kisha volteji yenyewe. Mwaka 2013 prosesa za Haswell za laptopu nyembamba zikaongeza C8, C9 na C10, na ndizo zilizofanya betri za laptopu zidumu hivi tunavyoziona. Ni kazi nzuri ya kihandisi na siitaki ibezwe.

Lakini kuamka kunachukua muda, na kila ngazi ina muda wake. Kerneli inauandika waziwazi katika /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpuidle/, ndani ya kila folda ya state kuna faili la name na faili la latency. Kwenye laptopu hizi za kizazi cha 6 nimesoma hivi, kwa maikrosekunde:

C1: 2
C1E: 10
C3: 70
C6: 85
C7s: 124
C8: 200
C9: 480
C10: 890

Tazama mruko wa mwisho. Kutoka C7s kwenda C10 muda wa kuamka umezidi mara saba. Bado haujafika milisekunde moja, na kwa binadamu hiyo ni chini ya kupepesa jicho. Kwa kadi ya mtandao ni muda mrefu mno. Kebo ya gigabiti moja hupitisha baiti 125 kila maikrosekunde, kwa hiyo katika maikrosekunde 890 zinaweza kuingia baiti 111,250. Kadi za laptopu huwa na bafa, ghala dogo la kushikia data kwa muda, ya kilobaiti makumi machache tu. Ni ndoo ndogo iliyotegwa bombani huku mwenyewe yuko ndani: akichelewa kutoka, maji yanamwagika, hata kama bomba halina kosa na ndoo haijatoboka.

Kuna la pili, na hili ndilo linaloeleza foleni ya kutuma kukwama. Kadi haifanyi kazi peke yake. Inachukua pakiti kutoka memori na kuziweka memori, bila kupitia kwenye viini vya prosesa. Viini vyote vikilala sana, chipu nzima inalala: njia ya kwenda memori inafungwa mpaka chipu iamke. Ili mambo yasiharibike, kifaa cha PCI Express huweza kutangaza kinaweza kuvumilia kusubiri kwa muda gani, na chipu hulala kwa kadiri ya tangazo hilo. Kifaa kikitangaza uvumilivu mkubwa kuliko kilio nao, au BIOS ikikisajilia namba kubwa kuliko yake, chipu inalala kina ambacho kifaa hakikiwezi. Kadi inaomba memori, haipewi kwa wakati, inaganda.

Na nani anaamua kulala kina gani? Kerneli hukisia. Inatazama saa ya kengele inayofuata na mwenendo wa karibuni, inajiuliza: nitakaa bila kazi muda gani? C10 ya mashine hizi hutakiwa kulaliwa angalau maikrosekunde 5000 ili ilipe. Mwanafunzi anayesoma cheti chake anaipa prosesa nafasi hiyo mara nyingi kwa kila sekunde. Kijana wa muziki haipi: sauti na data zinaigonga kila mara, haifiki chini. Maneno ya mama yamekaa mahali pake.

Nimefungua turbostat, programu inayoonyesha prosesa inalala kina gani, mchana kutwa kwenye laptopu mbili. Ya kona, yenye muziki, safu za usingizi wa chipu nzima za pc8 hadi pc10 zinasoma sifuri au karibu yake. Ya jirani, iliyo kwenye fomu, inakaa humo sehemu kubwa ya muda wake.

Alhamisi

Jaribio la kuthibitisha. Kwenye laptopu moja nimeongeza katika mstari wa GRUB, programu inayowasha Ubuntu:

intel_idle.max_cstate=1

Nikaendesha update-grub, nikaiwasha upya. Sasa haivuki C1. Imekaa dukani kuanzia wanafunzi wa asubuhi hadi mama anafunga, kebo na pingi zikiendelea, na haikukata hata mara moja. Zile mbili zisizoguswa zimekata kama kawaida yao, meza hiyohiyo.

Mafundi wengi wangeishia hapa, na ndivyo ushauri mwingi unavyoishia: weka max_cstate=1, shukuru, ondoka. Wapo wanaoshauri idle=poll, yaani prosesa izunguke bure isilale hata C1. Sikubaliani nao hata kidogo, na hasa kwa mji huu. Laptopu ya jaribio ilikuwa ya moto mchana wote na feni haikunyamaza. Dodoma ni kavu, vumbi lake jepesi linaingia kila tundu, na feni inayozunguka bila kupumzika inalivuta ndani mpaka linaziba mapezi ya kupozea. Miezi michache ya hivyo mashine inaanza kuzima yenyewe, na mama ananiita kwa ugonjwa mwingine nilioupanda mimi.

Betri nayo. Umeme ukikatika, laptopu ndiyo inayombeba mwanafunzi mpaka amalize fomu. Ruta iko kwenye UPS ndogo. Nimejaribu kuichomoa chaja laptopu ya C1 na ya pili yake kwa pamoja. Ya C1 imeisha mapema mno, kwa tofauti ambayo hata mama ameiona bila kuambiwa. Betri za mtumba hazina akiba ya kupoteza hivyo.

Kwa hiyo jibu la leo lina pande mbili. Usingizi wa prosesa ndio chanzo, hilo sasa nalisema bila kusita. Tiba si kuukataza. Tiba ni kujua kina ambacho kadi hizi zinakivumilia, na kuweka mpaka hapo hapo.

Ijumaa

Nimeondoa max_cstate kwenye GRUB. Leo nafunga ngazi kutoka chini kwenda juu, moja moja, mashine ikiwa hai. Kila state ina faili linaloitwa disable. Ukiandika 1 inafungwa bila kuwasha upya:

for f in /sys/devices/system/cpu/cpu*/cpuidle/state8/disable; do echo 1 > $f; done

Kwenye hizi state8 ni C10, state7 ni C9, state6 ni C8. Ni lazima zifungwe kwa viini vyote, ndiyo maana ya ile nyota baada ya cpu. Ukifunga kiini kimoja umefanya kazi bure, vingine vitaendelea kushuka.

Kufunga C10 peke yake kumepunguza mikato waziwazi, haijaisha. Kufunga C9 pia kumefanya iwe ya nadra. Nilipofunga na C8, kimya. Kisha nikajaribu kinyume chake ili kuhakikisha: nikaifungulia C8 tu, C9 na C10 zikiwa zimefungwa. Mkato ukarudi, mmoja, baada ya muda mrefu. Nikaifunga tena. C7s yenye 124 nimeiacha wazi saa zote na haina tatizo.

Basi mpaka uko kati ya 124 na 200.

Namba hiyo imenishtua kwa furaha, maana naijua historia yake. Mwaka 2003 Intel ilipotoa laptopu za Centrino, kadi ya Wi-Fi iliyokuwa ndani ni PRO/Wireless 2100. Draiva yake ya Linux, ipw2100, imeandikwa ndani yake ombi kwa kerneli: kifaa hiki hakitaki kucheleweshwa zaidi ya maikrosekunde 175. Kadi ile na prosesa ya kizazi cha 6 zimetenganishwa na miaka zaidi ya kumi, lakini ugonjwa ni uleule: prosesa inalala, kadi inakosa memori, programu yake ya ndani inaanguka na kuanzishwa upya. Hata draiva ya e1000e, ya kadi za kebo za Intel, ina maelezo kwenye msimbo wake kwamba ukitumia fremu kubwa kuliko kawaida, ucheleweshaji wa kutoka kwenye usingizi wa C husababisha data kupotea, na draiva yenyewe huomba mpaka inapofika hali hiyo.

Nawaheshimu sana walioandika mistari ile. Hawakuzima usingizi wa mashine ya mtu. Walipima, wakaandika namba, wakaiacha kerneli iamue iliyobaki. Na 175 imekaa kati ya 124 na 200 zangu. Naichukua.

Jumamosi

Duka limefungwa mapema, nimepata nafasi ya kuweka tiba ya kudumu.

Sikutumia faili za disable kwa kudumu. Namba za state zinaweza kubadilika kerneli ikisasishwa, na siku moja state6 ikawa kitu kingine kabisa bila mtu kujua. Kerneli ina njia safi zaidi, faili la /dev/cpu_dma_latency. Programu ikilifungua na kuandika muda, kerneli haitalala ngazi yoyote yenye muda wa kuamka unaozidi huo, maadamu faili limebaki wazi. Programu ikifungwa, mpaka unaondoka wenyewe. Nimeandika hii:

import os, signal, struct
f = os.open("/dev/cpu_dma_latency", os.O_WRONLY)
os.write(f, struct.pack("i", 175))
signal.pause()

Mstari wa mwisho ndio unaoifanya isubiri bila kula prosesa. Kijana wa dukani ameuliza kwa nini tusitumie echo kama jana. Swali zuri: echo hufungua faili, huandika, hufunga papo hapo, na mpaka unakufa pamoja na kufungwa huko. Utaamini umeweka kumbe hakuna kitu.

Nimeifanya huduma ya systemd (programu ya nyuma inayosimamiwa na mfumo) kwa jina mpaka-usingizi.service. Sikuiacha iwake saa zote. Katika /etc/NetworkManager/dispatcher.d nimeweka skripti fupi: kiunganishi cha mtandao kikipanda, huduma inaanza, vyote vikishuka, inasimama. Anayechapa ripoti bila mtandao abaki na C10 yake na betri yake. Kufunga kifuniko hakuguswi na lolote kati ya haya, mashine inalala kabisa kama zamani.

Kukagua kuwa inafanya kazi: cpupower idle-info, angalia hesabu za C8, C9 na C10. Huduma ikiwa hai zinasimama palepale, za C7s zinaendelea kupanda. Nimezisoma kwenye kila laptopu kabla ya kuifunika, na pia nimepuliza vumbi kwenye feni zote, kwa kuwa nilikuwa nimeshazifungua kuangalia kadi.

Jumatatu iliyofuata

Siku ya wanafunzi wengi. Pingi zimeendelea kuandika kwenye kila mashine tangu asubuhi. Mchana umeme ukakatika mtaa mzima, UPS ikashika ruta, laptopu zikahamia betri, watu wakaendelea kuchapa. Mikato kwenye logi: hakuna. NETDEV WATCHDOG: hakuna, mashine zote. Joto ni la kawaida, feni zinapumzika mtu akisoma. Betri nimezilinganisha tena: ya mpaka wa 175 imeachwa nyuma kidogo tu na ile isiyo na mpaka, na imeiacha mbali ile ya jaribio la C1.

Dada mmoja kutoka Kondoa alikuwa anajaza fomu ya mkopo ya mdogo wake, nyaraka nyingi, anasimama kila ukurasa kumpigia simu nyumbani. Alikaa muda mrefu, akatuma, ikapita mara ya kwanza. Siwezi kueleza furaha niliyoipata kuona hivyo. Fomu za namna hii zina tarehe ya mwisho, na mtoto anayeikosa anasubiri mwaka.

Mama nimemjibu swali lake kwa maandishi, na logi nimezichapa nikamwachia: kampuni ni nzima, mashine ni nzima, kadi ni nzima, hakuna cha kununua. Akasema, "Basi mwanangu, niandikie na namna ya kukagua, asije mwingine akaniambia vingine." Nimeandika, ukurasa mmoja, umebandikwa ukutani karibu na printa.

Jumanne

Imebaki laptopu moja ya Windows, ya mama mwenyewe, toleo lilelile. Windows haina mlinganisho wa moja kwa moja wa 175 yangu. Kupitia powercfg unaweza kukataza usingizi wa prosesa kwa mpangilio wa IDLEDISABLE, lakini hiyo ni yote au hakuna, na nimeshasema naionaje. Swichi ya C ndani ya BIOS nayo ni hivyohivyo. Nilichofanya ni kuzima uokoaji umeme wa njia ya PCI Express kwenye mipangilio ya umeme, kwa chaja na kwa betri, pamoja na kuondoa alama inayoruhusu Windows izime kadi ya mtandao ili kuokoa umeme. Nimeweka pingi ya sekunde 10 nayo. Haijakata hadi jioni hii. Naiacha iandike wiki nzima kabla ya kusema lolote.

Pia kuna BIOS mpya kwa toleo hili la laptopu. Kwa kuwa namba za uvumilivu wa vifaa hupangwa na BIOS, inawezekana kabisa marekebisho yamo humo. Nitaiweka kwenye mashine moja tu, ya karibu na mlango, betri ikiwa imejaa na chaja imechomekwa, kisha nizime mpaka-usingizi.service na niiache C10 wazi kwenye fomu tupu. Ikinyamaza, nitaondoa huduma kwenye mashine hiyo na kuendelea na zinazofuata. Ikikata, huduma inabaki. Kijana wa dukani ndiye atakayeifanya, mimi nitakaa pembeni.